Mkia wa Kwera: Uzuri wa Viumbe kati ya Mageuko na Roho

Katika nyanda za juu za Kinangop, Kenya, yupo ndege wa jamii ya kwera ambaye dume lake, msimu wa kuzaana ukifika, huwa jeusi tititi, lenye bega jekundu na mkia wa takriban nusu mita. Mkia wa namna hiyo ni mzigo. Mbona basi upo?

Mswidi Malte Andersson alilitafutia swali hilo jibu kwa mkasi na gundi. Alikamata madume 36. Baadhi aliwakata mkia ukabaki kama sentimita 14, na vipande alivyokata akawagandishia wengine, wakawa na mikia ambayo pori halijapata kuiona. Wapo pia waliokatwa kisha wakarudishiwa mkia wao wenyewe, ili gundi isije ikasingiziwa matokeo. Halafu akahesabu viota vya majike katika eneo la kila dume. Walioongezewa mkia waliwashinda wenzao wote.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1982, miaka 100 kamili tangu Charles Darwin afariki. Darwin ndiye aliyedai, katika kitabu chake cha mwaka 1871, kwamba majike huchagua, na kwamba chaguo lao, kizazi baada ya kizazi, ndilo huwapamba madume. Alfred Russel Wallace, aliyetangaza nadharia ya uteuzi asilia pamoja naye mwaka 1858, alikataa katakata. Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Wallace aliamini mizimu, akashikilia kwamba akili ya binadamu, yenye hisabati na muziki, haikuletwa na uteuzi huo peke yake. Lakini ni yeye huyo aliyewanyima ndege jicho la uzuri. Darwin, ambaye imani yake ilikuwa ikififia, ndiye aliyewapa.

Kuhusu mkia, mhadhara huu uko upande wa Darwin bila kusita. Ila mkia ule ulikusudiwa jike la kwera, si mchungaji anayesimama kuutazama. Maua nayo hujipamba kwa ajili ya nyuki, wenye kuona mwanga wa urujuanimno ambao macho yetu hayauoni, kwa hiyo sehemu ya urembo wa maua hutupita kabisa. Theluji ya Kilimanjaro haijamtafuta mchumba yeyote. Mageuko yanaweza kueleza jicho linaloitazama, labda hata kwa nini kijani na maji humtuliza mtu. Kwa nini uzuri humfanya mtu atake kushukuru, hilo bado halijaelezwa vya kutosha.

Anayeamini asikimbilie pengo hilo na kulifanya nguzo ya imani yake, maana mapengo huzibwa. Wala asiyeamini asidai kwamba Kinangop pamethibitisha hakuna Muumba: pale vilihesabiwa viota.

Mfano wa aliyeshika vyote viwili, imani na mageuko, ni mtaalamu wa mimea Asa Gray, Mkristo mcha Mungu, aliyemtetea Darwin nchini Marekani kuliko karibu mtu yeyote. Ni yeye ambaye Darwin alimwandikia mwaka 1860 kwamba unyoya wa tausi ulimtia kichefuchefu. Gray aliona mkono wa Mungu ukiongoza mabadiliko ya viumbe. Darwin akampinga hadharani mwaka 1868, mwishoni mwa kitabu chake kuhusu wanyama wa kufugwa na mimea ya kupandwa. Barua kati yao ziliendelea.