Sarafu Moja, Kadi Mbalimbali

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze jambo litakalowafaa vijana wa masomo ya biashara. Nimechagua jambo linaloonekana dogo: kadi ya benki, na sababu za nchi za Ulaya, zilizofaulu kuwa na sarafu moja, kushindwa kwa muda mrefu kuziunganisha kadi zao.

Noti za Euro zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2002. Tangu siku hiyo Mjerumani aweza kununua mkate Lisbon bila kubadili fedha. Lakini kadi yake ni jambo jingine. Kila nchi ilikuwa imekwisha kujijengea mfumo wake: Ufaransa Cartes Bancaires, Ujerumani girocard, Italia Bancomat, Ubelgiji Bancontact, Ureno Multibanco. Mifumo hiyo ilijengwa kwa matumizi ya nyumbani. Ndani ya nchi hufanya kazi vizuri. Ikifika mpakani haitambuliwi.

Basi mwenye kadi huvukaje? Kadi yake huwekwa alama ya pili. Kwa miaka mingi girocard ilibeba pia alama ya Maestro. Nyumbani malipo yalipita njia ya Kijerumani. Ugenini yalipita njia ya Mastercard, kampuni ya Marekani. Mwezi Julai 2023 Mastercard ikakomesha utoaji wa kadi mpya za Maestro katika Ulaya, na mabenki ya Ujerumani yakalazimika kutafuta alama nyingine. Mwenye daraja akiamua kulifunga, mpita njia hana la kusema.

Benki Kuu ya Ulaya imeeleza kwamba mwaka 2022 karibu asilimia 61 ya malipo ya kadi katika nchi za Euro yalipitia makampuni ya kimataifa. Mwezi Machi mwaka huo huo Visa na Mastercard zilisimamisha kazi zao Urusi. Siingii katika siasa za vita ile. Natazama mfumo tu. Kadi zao zilizotolewa Urusi zilikoma kufanya kazi nje, lakini ndani ya nchi ziliendelea, kwa kuwa tangu 2015 malipo ya ndani yalikuwa yakipitishwa katika mtambo wa taifa. Viongozi wengi wa Ulaya walijiuliza: je, ingekuwa sisi?

Ndugu Mwenyekiti, si kwamba Wazungu hao hawakujaribu. Mwaka 2007 mifumo kadhaa, ikiwamo ya Ujerumani, Italia na Ureno, iliunda ushirika wa kuunganishwa miwili miwili. Vijana, pigeni hesabu. Chukueni mabweni sita, na kila bweni lichongewe njia ya kwenda kwa kila jingine: mtapata njia 15. Yakiwa mabweni kumi, njia ni 45. Kila njia ina mkataba wake na gharama zake. Ushirika ule haukufika mbali.

Mwaka 2008 mabenki ya Ufaransa na Ujerumani yakaanzisha mpango ulioitwa Monnet, wa kuunda kadi mpya ya Ulaya. Ulikufa mwaka 2012. Tatizo kubwa lilikuwa ada. Mteja akilipa kwa kadi, benki ya mwenye duka huilipa benki ya mteja ada kidogo. Mabenki hayakuhakikishiwa ada hiyo ingekuwa kiasi gani, na nani angetoa mtaji bila kujua pato? Sheria ya mwaka 2015 ndiyo iliyoweka ukomo: asilimia 0.2 kwa kadi ya akiba iliyopo, na asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo.

Mwaka 2020 mabenki 16 ya nchi tano yalijaribu tena. Kufikia 2022 wengi waliojiunga walikuwa wamejitoa, na kadi ikaachwa. Kilichobaki kilizaa Wero, malipo ya simu kutoka akaunti hadi akaunti, yaliyoanza 2024. Mwaka 2025 nazo Bizum ya Hispania, Bancomat ya Italia na MB WAY ya Ureno zilianza kuunganisha malipo yao ya simu.

Somo ni nini? Mitambo haikukosekana, wala wataalamu. Kilichokosekana ni mapatano: nani atoe gharama kwanza, na nani awe na kauli ya mwisho. Mwenye mfumo mzuri nyumbani huona uzito kutumia fedha kwa ajili ya wachache wavukao mpaka. Naye mwenye duka hapokei kadi isiyo na watu, wala watu hawachukui kadi isiyopokelewa madukani.

Jambo hili latuhusu. Mwaka 2013 ulizinduliwa mfumo wa kuunganisha malipo makubwa ya benki kuu za Afrika ya Mashariki. Hiyo ni hatua njema. Lakini tazameni kadi zilizo mifukoni mwetu ukumbini humu. Nyingi zikivuka Namanga hupita njia zile zile za Visa na Mastercard. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Vijana, baadhi yenu mtaketi katika meza za mapatano hayo. Jifunzeni hesabu, ili mjue gharama ya kila njia. Jifunzeni pia kuafikiana mapema, wakati daraja la mwenzenu bado liko wazi.