ISTIARI KATIKA HADITHI



Jambo nililoombwa kulieleza leo lawahusu wapendao kutunga hadithi. Ni matumizi ya istiari, ambayo siku hizi wengi huiita sitiari. Ukisema "Juma ni kama simba," umefananisha, na hiyo ni tashbihi. Ukiliondoa neno "kama," ukasema "Juma ni simba," au "Juma alinguruma," hiyo ni istiari. Tashbihi huviweka vitu viwili bega kwa bega. Istiari huvifanya kuwa kitu kimoja, na msomaji akaviona vyote kwa mara moja.

Mtu asidhani kwamba istiari ni mali ya wanavyuoni peke yao. Kila siku twasema jicho la maji, mdomo wa chupa, mguu wa meza. Bahili twamwita mkono wa birika, na mwizi twasema ana mkono mrefu. Lakini maneno hayo yametumika mno hata picha iliyomo haionekani tena, mfano wa sarafu iliyosuguka uso. Mwandishi hana budi kutafuta picha mpya. Je, aitafute wapi?

Jawabu ni hili: aitafute katika maisha ya mtu anayemsimulia. Tuchukue jambo moja, deni, tuwatwike watu watatu. Wa kwanza ni mchukuzi wa bandari ya Kilindini: "Deni lilikuwa gunia asilopata pa kulitua." Wa pili ni mvuvi wa Lamu: "Deni lilikuwa tundu chini ya dau, kila alipoyatoa maji, mengine yaliingia." Wa tatu ni mkulima: "Deni lilikuwa ndago shambani mwake, alilipalilia juu, likachipuka kutoka chini." Deni ni lile lile, lakini kila sentensi imetuonyesha mtu wake, kazi yake na namna anavyoumia, wala mwandishi hakuhitaji kuongeza maelezo.

Kinyume chake ni picha ya kuazima vitabuni. Mtu wa Nyeri aweza kuinua macho asubuhi akaiona theluji juu ya Mlima Kenya. Basi akisema nywele za babu yake ni theluji, twamsadiki. Lakini bibi wa Lamu aliyezaliwa na kuzeekea kisiwani, theluji yamhusu nini? Yeye ana povu la mawimbi, ana chumvi, ana pamba. Msomaji akishuku picha moja, huanza kuishuku hadithi nzima.

Jambo la pili, picha zisigombane. Nitatoa mfano mbaya kwa makusudi: "Mbegu ya chuki iliwaka moyoni mwake mpaka ikamfurika." Mbegu huota, moto huwaka, maji hufurika. Mambo matatu yamesukumana mlangoni, na hapana hata moja lililoingia. Ukianza na mbegu, iache iote, itambae, izae matunda machungu.

La tatu ni kiasi. Ziko saa ambazo neno tupu lina nguvu kuliko pambo lolote. "Mtoto alikufa alfajiri." Ukiivika sentensi hiyo lulu na mawingu, msomaji atakutazama wewe, naye atamsahau mtoto.

Tena iko istiari kubwa, ibebayo hadithi nzima. Mwaka 1951 marehemu Shaaban Robert alitoa kitabu chake Kusadikika, habari za nchi iliyo angani. Humo Karama anashitakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, na mshitaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Karama anajitetea kwa kuwakumbusha wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, juu na chini. Walirudi na mashauri mema, wakatiwa gerezani. Tanganyika wakati ule ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na wasomaji wengi wameiona nchi ile ya angani kuwa mfano wa nchi ya chini, iliyonyimwa haki ya kusema. Mwandishi hakumtaja mtawala yeyote wa duniani. Istiari ilimpa njia ya kupita mahali ambapo maneno ya wazi yangalizuiwa, nacho kitabu chake kingali chasomwa hata baada ya utawala ule kwisha.

Kwa sababu hiyo hiyo istiari yataka uangalifu. Kila istiari ni hukumu, maana umwitapo mtu jina la kitu kingine umekwisha kusema anavyostahili kutendewa. Mwaka 1994, nchini Rwanda, Watutsi waliitwa mende katika matangazo ya redio, na mende hukanyagwa. Hapa Kenya, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, majirani waliitwa madoadoa, na doa huondolewa. Hayo hayakuwa maneno ya hadithi, lakini yalijengwa kwa ufundi ule ule tunaousifu hapa. Picha ilimficha mtu, na mkono ukapata udhuru.

Basi, mwandishi kijana, ukimaliza kuandika, rudi nyuma uzikague istiari zako moja moja. Uliza: Je, mtu huyu amepata kukiona kitu hiki? Je, picha hii yapatana na ile iliyotangulia? Je, neno tupu lisingetosha? Mwisho uliza swali lililo kubwa kuliko yote: baada ya kuisoma picha hii, msomaji atamwona mtu huyu vizuri zaidi, au hatamwona tena? Ile imfichayo mtu, ifute, hata ikiwa ndiyo iliyokupendeza kuliko zote.