Na Sisi Je, Kwetu Tulifanya Nini?

Nimeombwa niseme machache kabla ya chakula, nami nasikia harufu ya pilau kama nyinyi.

Nilipoanza kazi hapa Marekani, shahada yangu ya uuguzi ikiwa bado mpya, nilipangiwa mgonjwa mzee, Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa Alabama. Alikataa kutolewa damu. Nilimbembeleza, akageukia ukutani. Nikatoka nikinung'unika: mzee mkaidi huyu! Nesi mwenzangu, mama Mweusi wa hapa hapa, akaniuliza kama chuoni nilisoma habari za Tuskegee. Nilisoma. Nikajibia mtihani, nikasahau.

Watoto, sikilizeni. Mwaka 1932, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwakusanya wanaume Weusi wapatao 600 huko Alabama, wengi wao wakulima maskini. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa. Walielezwa kwamba wanatibiwa "damu mbaya", kumbe madaktari walitaka kuona ugonjwa utawafikisha wapi. Kufikia 1947 penisilini ilikuwa dawa inayojulikana ya kaswende, nao wakanyimwa. Mambo hayo yaliendelea miaka 40, hadi magazeti yalipofichua mwaka 1972. Rais Clinton aliwaomba radhi mwaka 1997, wengi wakiwa wameshazikwa. Linaloniuma zaidi ni kwamba aliyewafuata majumbani na kuwapeleka kliniki kwa gari kwa miaka mingi alikuwa muuguzi, mwanamke Mweusi, Eunice Rivers. Walimwamini kwa sababu ni mwenzao.

Nikarudi kwa yule mzee, nikavuta kiti. Sikutaja damu. Nilimwambia nimetoka Tanzania na kwamba jambo la Tuskegee nalijua. Kesho yake akanyoosha mkono mwenyewe, ila alitaka nimwandikie kwenye karatasi kila chupa inakwenda kupima nini. Nikaandika.

Miaka mingi baadaye nilimsimulia binti yangu kisa hicho. Akaniuliza, "Mama, na sisi je, kwetu tulifanya nini?"

Jibu rahisi lilikuwa mdomoni: Waarabu, Wazungu. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hapo kisiwani mpaka 1897. Tippu Tip, ambaye misafara yake ilifika hadi Kongo, alizaliwa Zanzibar, na maisha yake aliyasimulia kwa Kiswahili hiki hiki tunachowahimiza watoto wasikipoteze. Kulikuwa na machifu wa bara waliouza mateka wao. Na huku pwani, waungwana waliolimiwa mashamba na watumwa walikuwa watu wetu.

Mimi ni wa Bagamoyo. Nikiwa msichana, shangazi yangu aliposwa na kijana fundi, mpole, mswalihina. Wazee wakakataa. Walisema tu, "Asili yake haieleweki." Barazani pale hakuna aliyeuliza maana yake. Sote tulijua: babu wa babu yake aliletwa na msafara, mnyororo shingoni. Zaidi ya miaka 90 baada ya biashara ile kukoma, bado ilikuwa inavunja posa, na iliweza kwa sababu hakuna aliyeitaja kwa jina. Lau angekuwepo mzee mmoja wa kusema wazi, "Mnamkataa kwa kuwa ni mjukuu wa mtumwa," nadhani wangeona haya.

Leo tunapandisha bendera na kuimba, na tuimbe. Lakini tunawaambia watoto habari za mkoloni peke yake, kisha tunashangaa wakikutana na wenzao Weusi wa hapa shuleni na kukosa la kujibu wanapoulizwa nani aliwauza.

Jumapili iliyopita binti yangu alimpigia bibi yake, yaani shangazi yangu huyo huyo, akamuuliza habari za yule fundi. Simu ilikaa kimya muda mrefu, nikadhani imekatika. Kisha bibi akataja jina lake, akaanza kusimulia.