Ubaoni Hakuna Karani Wala Kibarua
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Nimesikia ya kuwa wengine wenu wa karakana na wa yadi hamtaki kuandikisha majina katika mashindano yetu ya sataranji. Mwasema makarani wameuzoea mchezo huu tangu shuleni, basi mtashindwa kabla ya kuketi. Nawaomba msikilize habari za Sultan Khan.

Mtu huyu alizaliwa Punjab, nchi walikotoka wengi wa vibarua wa Kihindi walioijenga reli yetu. Alijifunza sataranji kwa kanuni za kwao, ambazo askari haruhusiwi kuanza kwa hatua mbili. Alifika Uingereza mwaka 1929 pamoja na tajiri wake, Sir Umar Hayat Khan. Elimu ya vitabu vya mchezo hakuwa nayo kama wenzake, lakini mwaka ule ule akatwaa ubingwa wa Uingereza.

Katika mashindano ya Hastings ya 1930–31 alikutana na Capablanca wa Kuba, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1921 hata 1927. Bwana huyu alipata kukaa miaka minane, 1916 hata 1924, asifungwe hata mchezo mmoja. Siku hiyo Capablanca alimwondolea malkia wake, naye akatoa ngome mbili. Wengi wetu tukipoteza malkia mikono hutetemeka. Sultan Khan alitulia. Aliziba njia, malkia wa mwenzake akakosa pa kufanyia kazi, kisha akasogea polepole kama gari la mizigo lipandalo mlima. Katika hatua ya 65 akashinda.

Liko jambo la pili. Mwaka 1933 tajiri alirudi India, na Sultan Khan akarudi naye. Mashindano ya Ulaya yakaishia hapo. Alifariki mwaka 1966, na Shirikisho la Sataranji la Dunia likampa cheo cha heshima cha ubingwa mkuu mwaka 2024. Akili ilikuwa yake, lakini safari ilikuwa ya mwingine.

Ndugu zangu, ubao wetu umenunuliwa kwa ada zetu wenyewe. Hapana tajiri awezaye kutuondoa mezani. Basi kwa nini tujiondoe wenyewe? Karani akikushinda, muulize ni wapi ulipokosea, kisha mcheze tena. Daftari la majina liko kwa Katibu mpaka Jumamosi.