Posho ya njiani na safari ya mwezini

Juma hili nataka twende mwezini, lakini tupitie Itetemia.

Itetemia ipo kando ya mji wa Tabora, na ndipo watemi wa Unyanyembe walipoweka makao yao. Katika karne ya 19, misafara ya kutoka pwani kwenda Ujiji ilipumzika katika nchi hiyo. Toka Bagamoyo ulikuwa mwendo wa kama miezi mitatu: Stanley aliondoka pwani Machi 1871, akafika Unyanyembe mwishoni mwa Juni.

Sasa tupige hesabu. Mpagazi alibeba frasila mbili, yaani kilo kama 32. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba cha nafaka, tuseme karibu robo tatu ya kilo. Kwa siku 90 inazidi kilo 60. Basi mpagazi asingeweza kubeba hata chakula chake mwenyewe, seuze nguo, shanga na waya za tajiri! Misafara iliweza kupita kwa kuwa Wagogo na Wanyamwezi walilima mtama wakauuza, na visima vilikuwapo. Posho ilikuwa njiani.

Roketi ni mpagazi anayebeba posho yake yote, ya kwenda na ya kurudi. Ile iliyowapeleka Wamarekani mwezini mwaka 1969 ilikuwa na uzito wa karibu tani 3,000, na sehemu kama tisa kwa kumi zilikuwa mafuta na oksijeni ya kuyachoma. Chombo kilichorudi na watu watatu hakikufika tani 6. Mafuta mengi yalikwisha kwa kuyanyanyua mafuta mengine. Ndiyo sababu wataalamu wanataka roketi inunue posho njiani, nao wameona mahali pawili.

Pa kwanza ni mwezini kwenyewe. Mwaka 2009 Wamarekani walikibamiza kipande cha roketi katika shimo kubwa karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mahali jua lisipofika kamwe, na katika vumbi lililotimka wakaona maji. Maji hayo ni barafu iliyochanganyika na mchanga. Ukiyapitishia maji umeme, kilo 9 zinakupa kilo 8 za oksijeni na kilo 1 ya haidrojeni, na hizo mbili zikichomwa pamoja ni mafuta ya roketi ya daraja la juu. Lakini mpaka sasa hakuna aliyeichimba barafu hiyo, na huko kizani baridi inapita nyuzi 170 chini ya sifuri.

Pa pili ni sayari ya Mirihi, ambayo hewa yake karibu yote ni kabonidayoksaidi. Huko jambo limekwisha kujaribiwa. Chombo kilichotua Februari 2021 kilikuwa na mtambo mdogo wa kutoa oksijeni katika hewa hiyo. Uliwashwa mara 16 hadi Agosti 2023, ukatoa jumla ya gramu 122, uzito wa mayai mawili ya kuku. Roketi ya kuwarudisha watu wanne kutoka Mirihi itahitaji oksijeni tani 25 hivi. Mtu asicheke; kisima nacho huanza na jembe moja.

Watetezi wa mpango huu husema utapunguza gharama. Mimi nasema inategemea. Mitambo ya kuchimba nayo itabebwa kutoka hapa duniani, na kwa safari moja au mbili ni hasara tupu. Mkulima wa Unyanyembe hakulima mtama wa ziada kwa ajili ya msafara mmoja; alilima kwa kuwa misafara haikukoma.

Na posho ikiwa njiani, kuna swali la nani mwenye njia. Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe aliwatoza wafanyabiashara wa Kiarabu kodi. Karibu na mwaka 1860 wakamwondoa kwa bunduki, wakamweka Mkasiwa aliyewafaa zaidi. Mwaka 1871 Mirambo naye aliifunga njia ya Ujiji, na Stanley akalazimika kuzunguka mbali.

Mwezini hakuna mtemi wala mwananchi. Mkataba wa mwaka 1967 unakataza nchi yoyote kuufanya mwezi kuwa mali yake, lakini haukutaja barafu iliyokwisha kuchimbwa. Mwaka 2015 Marekani ilitunga sheria kwamba kampuni yake ikichimba huko, kilichochimbwa ni chake. Mwaka 2020 ikaja na mapatano mengine, ambayo yanaruhusu mchimbaji kutangaza eneo la usalama kuzunguka kazi yake. Majirani zetu wa Rwanda walitia saini Desemba 2022, pamoja na Nigeria. Mashimo yenye barafu si mengi, na eneo la usalama kuzunguka kisima kimoja, kwa mtu mwingine aliyefika na kiu, ni nini kama si ua? Anayefika wa pili atalipa hongo kwa nani, na kwa bei ya nani? Hilo wanasheria wetu wa Dar es Salaam na Nairobi wangeanza kuliuliza sasa, kabla msafara wa kwanza haujafika.

Tukijaliwa, tutaonana juma lijalo.