Siku ya Kwanza kwa Daktari wa Akili: Usiogope, Jitayarishe

(Mazungumzo kwa vijana na wazazi, Mji wa Kale, Mombasa)



Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu, huenda wengine mkashangaa: mwezi huu mtukufu, mtu aache kuzungumzia saumu aje kuzungumzia daktari wa akili? Ngojeni kidogo. Huu ni mwezi wa kuhurumiana, na katika majumba yetu haya, kutoka pale Ngomeni mpaka Kibokoni na Kuze, mna watu wanaoteseka kimya kimya. Yupo kijana ambaye mwezi wa tatu huu hatoki chumbani. Yupo mama aliyejifungua, arobaini imekwisha, bado yuwalia bila sababu na hataki kumshika mtoto. Yupo msichana atawadhaye saa nzima. Akihirimia swala huona haikusihi, akarudi tena mferejini. Ukiuliza mbona hawapelekwi hospitali, jawabu ni lile lile: "Watu watasemaje?"

Mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu niliyesoma madrasa hapa hapa, na nimewahi kumsindikiza jamaa yangu kliniki mara kadhaa. Nililoliona ni kuwa wengi wetu twaogopa kwa kutojua mna nini nyuma ya ule mlango. Basi leo, inshaallah, tuingie pamoja.

HOFU YETU IMETOKA WAPI?

Hapa Mombasa kijana akifanya kioja, wenzake humtania: "Wewe wafaa kupelekwa Port Reitz." Kule bara husema Mathari. Kweli, Mathari ilianza mwaka 1910 kama mahali pa kuwaweka "wenda wazimu", na jina limebaki na hofu yake. Lakini itazameni Ngome yetu. Tangu 1895 hadi 1958 ilikuwa jela. Leo ni makumbusho, watoto wa shule huingia wakicheka. Kuta ni zile zile, kazi imebadilika. Na matibabu ya akili yamebadilika pia. Siku hizi wengi wanaokwenda huzungumza na daktari, wakapewa dawa au miadi, wakarudi kwao siku ile ile. Wanaolazwa ni wale ambao hali zao ni nzito.

Na asikwambie mtu kuwa haya ni mambo ya kizungu. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na akatufundisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya mwili na ya nafsi, akapambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyojulikana sababu yake. Katika mji wa Halab, huko Sham, ilijengwa hospitali mwaka 1354 ambamo wagonjwa wa akili walitibiwa penye nyua na maji yatiririkayo. Hao ndio wazee wetu katika dini.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Kwa aliyeko kisiwani, Hospitali Kuu ya Pwani, ile tuiitayo Makadara, ni mwendo wa tuktuk tu. Kule Changamwe, Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Uliza mapema siku za kliniki, usiende kwa kubahatisha. Kisha tayarisha mambo manne:

Kwanza, kitambulisho chako, na usajili wako wa SHA, iliyoshika nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Uliza pale pale kinacholipiwa na usicholipiwa.

Pili, kijikaratasi. Andika yalianza lini, usingizi ukoje, chakula kikoje, na nini kimebadilika. Ukikaa mbele ya daktari moyo hukudunda ukasahau yote.

Tatu, dawa zote unazotumia, hata za presha na sukari, na miti shamba pia. Kama umesomewa visomo au umekunywa kombe, sema. Hakuna aibu. Daktari ataka kujua ulichotia mwilini, maana dawa nyingine hazipatani.

Nne, mtu unayemwamini: mama, dada, ami, rafiki. Mara nyingi wa pembeni huona tusiyoyaona sisi wenyewe.

UKIFIKA KLINIKI

Utasajiliwa, kisha utangoje. Wa kwanza kukuona huenda akawa muuguzi au afisa wa kliniki aliyesomea afya ya akili, si daktari bingwa. Usivunjike moyo, hiyo ndiyo kazi yao. Watakupima presha na uzani. Utawaona wenzako waliokaa kwenye benchi: mwalimu, dereva wa matatu, mwanafunzi, mama na mwanawe. Watu kama mimi na wewe.

Ukiingia kwa daktari, jua kuwa sehemu kubwa ya siku hii ni mazungumzo. Hakuna mashine ya kusoma mawazo. Huenda ukakaa naye nusu saa au hata saa nzima. Atakuuliza: Nini kimekuleta? Walala saa ngapi? Bado wafurahia mambo uliyokuwa ukiyapenda? Wasikia sauti ambazo wenzako hawazisikii? Wahisi watu wakufuatafuata? Kwenu yupo aliyewahi kuugua hivi? Watumia miraa, bangi, unga au vidonge? Hapo sema kweli. Daktari si polisi wala si imamu wa kukuhukumu. Ukimficha, utapewa dawa ya ugonjwa usio wako.

Anaweza kukuuliza leo ni siku gani, au akutajie vitu vitatu uvikumbuke baadaye. Usidhani anakucheza shere. Ndivyo wanavyopima kumbukumbu, kama vile mwingine apimavyo homa kwa kipimajoto.

Na atauliza: "Umewahi kufikiria kujiua?" Wazazi wengi huruka wakisikia swali hili, wakidhani litamtia mtoto wazo baya. Sivyo. Kuulizwa kwa upole humpa mtu nafasi ya kutua mzigo aliobeba peke yake. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu cha 226, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, ni kinyume cha Katiba. Kwa hivyo usinyamaze kwa kuogopa kushtakiwa. Na mtu akiwa na fikra hizo sasa hivi, msingoje miadi. Asiachwe peke yake. Mpelekeni sehemu ya dharura ya hospitali usiku huo huo.

Dada zangu, mwaweza kuomba kuhudumiwa na mwanamke akiwapo, au jamaa yako abaki chumbani. Buibui lako halina shida. Wa nikabu huenda akaombwa afunue uso, kwa kuwa uso ni sehemu ya uchunguzi. Ndiyo maana ni vizuri kumuomba daktari wa kike mapema.

Na siri? Unayoyasema ni amana. Hayatafika barazani. Daktari hulazimika kumhusisha mwingine pale tu penye hatari, kwako wewe au kwa mtu mwingine, na waweza kumuuliza mipaka hiyo mwanzo kabisa.

JINA LA UGONJWA NA DAWA

Usishangae ukitoka bila ya kuambiwa jina la ugonjwa. Wakati mwingine daktari huhitaji kukuona mara mbili tatu. Huenda akakutuma kupima damu, kwa sababu tezi ya kooni isiyofanya kazi sawa, au upungufu wa damu, huweza kumfanya mtu achoke na ahuzunike. Huenda pia akakutuma kwa mwanasaikolojia. Huyo hutibu kwa mazungumzo, na kwa yule msichana wetu wa udhu, mafunzo ya kuushinda wasiwasi kidogo kidogo ni matibabu makubwa.

Ukiandikiwa dawa, uliza maswali haya: Ni ya nini? Nitaimeza lini? Itanifanya nini? Nitaitumia mpaka lini? Ni haki yako. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, yatambua haki ya mgonjwa kuelezwa matibabu na kutoa ridhaa yake.

Fahamu mambo matatu. Dawa za huzuni huchukua wiki mbili hadi sita ndipo mtu aone nafuu, ilhali kichefuchefu na kizunguzungu huweza kuja wiki ya kwanza. Wengi huziacha hapo, wakasema hazifai. Pili, dawa hizi hazimfanyi mtu mraibu, lakini usiziache ghafla bila ya kumuona daktari. Baadhi ya zile za kutuliza na kuleta usingizi, kama diazepamu, ndizo zenye kuzoesha. Hizo hutolewa kwa muda mfupi. Tatu, na hili wazazi mulishike: baadhi ya dawa, kama haloperidoli, huweza kukaza shingo, kupinda taya au kugeuza macho juu. Wengine wakiona hivyo hupiga kelele, "Jini limepanda!" Hapana. Ni dawa, na lina tiba yake ya haraka. Rudini hospitali pale pale.

NA SAUMU JE?

Allah (s.w.t.) amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Hiyo ni rehema, usiione ni unyonge. Dawa ya mara moja au mbili kwa siku mara nyingi huweza kupangwa futari na daku, lakini apange daktari, usipange wewe. Mwenye kutumia lithiamu awe na hadhari zaidi. Mwili ukikaukiwa na maji, dawa hiyo huzidi katika damu mpaka ikawa sumu, na joto letu la Mombasa mwalijua. Huyo amuone daktari kabla ya mwezi kuandama, kisha amuulize sheikh wake.

Na usingizi! Ramadhan Mji wa Kale haulali. Baada ya tarawehe ni baraza mpaka daku. Kwa mwenye maradhi ya kupanda sana na kushuka sana kimoyo, kukesha mfululizo huweza kumuamsha ugonjwa. Tumwachie alale. Tusimwambie, "Wewe imani yako ndogo."

NENO KWA WAZAZI

Visomo na dua tusiache, hiyo ni silaha ya muumini. Lakini dua na daktari havigombani. Aliyevunjika mguu humwombea dua mkiwa njiani mwampeleka hospitali. Basi na mwenye kuvunjika moyo mfanyieni hivyo hivyo. Kumfunga kamba, kumpiga ati jini litoke, kumficha chumba cha nyuma asionwe na wageni, huko si kumsitiri. Kila mwezi unaopita bila ya matibabu, kupona kwazidi kuwa kugumu. Watu watasema wiki moja, watanyamaza. Mtoto ni wako maisha yote.

Na wewe kijana unayesoma haya kwa siri, umeukunja ukurasa usionekane: huna haja ya kumwambia kila mtu. Mwambie mmoja tu, mwende wote.

Namuomba Allah (s.w.t.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atutakabalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.