Daftari Letu Lilale Wapi?

Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo haujazeeka. Kilichobadilika ni daftari lenyewe. Zamani lilikaa chini ya meza ya muuzaji, lina jalada gumu na madoa ya mafuta ya taa. Siku hizi daftari la wafanyabiashara wengi limo ndani ya kompyuta, na kompyuta hiyo mara nyingi haipo dukani wala mjini. Ipo mbali, imekodiwa, na wataalamu wanaiita wingu. Juma hili ningependa tuzungumze juu ya swali moja tu: mfanyabiashara anayetaka kukodi wingu atamchaguaje wa kumkodisha?

Tuchukue mfano wa nyanda za juu za Kigoma. Tuseme mtu ana duka la jumla mjini Kasulu na tawi mjini Kibondo. Ananunua maharage na mahindi kutoka vijijini, anauza saruji, sukari na mabati. Wapo wakulima waliokwisha kuchukua mabati kwa ahadi ya kulipa wakati wa mavuno, na wapo waliokwisha kuleta magunia yao na wanadai fedha. Mwenye duka anataka karani wa Kasulu na karani wa Kibondo waandike katika daftari moja na kuona hesabu moja. Haja hiyo ni ya kweli, na wingu linaweza kuitimiza. Lakini tusisahau kilichomo katika daftari hilo. Ni jasho la watu. Likipotea, mkulima aliyeleta magunia kumi hana shahidi mwingine.

Wingu hili halipo angani. Ni majumba yenye maelfu ya kompyuta, umeme wa akiba na mitambo ya kupoza joto, ambayo wenyewe hukodisha nafasi kwa wengine. Kampuni ya Amazon ya Marekani iliingia katika biashara hiyo mwaka 2006, na baadaye wakaja Microsoft, Google na wengineo. Wakubwa hao watatu wana vituo Afrika Kusini: Microsoft walifungua mwaka 2019, Amazon mwaka 2020 huko Cape Town, na Google mwaka 2024 huko Johannesburg. Hapa nchini tunacho Kituo cha Taifa cha kuhifadhi data, jijini Dar es Salaam, na zipo pia kampuni binafsi zinazokodisha nafasi. Kwa hiyo mwenye duka wetu ana pa kuchagua.

Wengi huanza kwa kuuliza nani ana jina kubwa na nani ana bei ndogo. Mimi nasema aanze kwa kuuliza njia. Mtu wa Kibondo akitaka kusafirisha maharage haulizi kwanza rangi ya lori, anauliza barabara ya Nyakanazi inapitikaje. Data nayo ina barabara yake. Kutoka Kasulu hadi Johannesburg ni zaidi ya kilomita 2,000 hata ukipiga mstari ulionyooka, na data haipiti mstari ulionyooka. Hushuka hadi pwani, kisha huingia katika nyaya za chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Kompyuta za huko Afrika Kusini hazikuwa na kasoro yoyote. Kilichoharibika ni njia ya kuzifikia. Kompyuta iliyopo Dar es Salaam hufikiwa kwa Mkongo wa Taifa bila kuvuka bahari. Tofauti hiyo haiandikwi katika matangazo ya bei.

Tena hata njia ya nchi kavu ina siku zake mbaya. Umeme ukikatika na mnara wa simu ukinyamaza, Kibondo haitaiona Dar es Salaam wala Johannesburg. Kwa hiyo programu inayofaa ni ile inayomruhusu karani aendelee kuandika mtandao ukiwa umekatika, kisha ikapeleka hesabu mtandao unaporudi. Na majaribio yafanywe Kibondo kwenyewe, siku ya mnada, watu wakiwa wengi. Jambo linalokwenda vizuri Posta, Dar es Salaam, si lazima liende vizuri huko.

Swali la pili ni malipo. Sote tunaijua LUKU: Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Wakubwa wa wingu nao hutoza kadiri utumiavyo, ila kwa namna iliyo kinyume. LUKU inakata umeme uniti zinapokwisha. Kwao, kwa kawaida, unatumia kwanza na ankara inakuja mwisho wa mwezi. Mtambo ulioachwa ukifanya kazi bila sababu unakula fedha usiku kucha. Aidha bei zao nyingi huhesabiwa kwa dola. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilipita 2,600. Mwenye duka anauza saruji kwa shilingi. Bei maalumu ya kila mwezi, kwa shilingi, yaweza kuonekana kubwa kidogo, lakini inamwezesha kulala usingizi.

Swali la tatu ni sheria. Majina, simu na madeni ya wakulima ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inaweka masharti kwa anayezipeleka taarifa hizo nje ya nchi. Mteja akodi akijua daftari lake linalala nchi gani.

Swali la nne ndilo kubwa kuliko yote: siku ya kuachana, au siku ya msiba, nitabaki na nini mkononi? Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliungua moto. Wateja waliokuwa wameweka kila kitu humo, bila nakala pengine, walipoteza kazi zao. Mwezi Mei 2024 huduma ya wingu ya UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya nusu milioni, ilifutwa kwa makosa yaliyotokea upande wa Google. Miongoni mwa mambo yaliyosaidia kuurudisha ni nakala zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine kabisa. Ikiwa mkubwa anaungua na mkubwa anakosea, basi jina kubwa peke yake si kinga. Akiba haiozi, na nakala ni akiba.

Je, mwenye duka wetu achague nani? Kwa biashara ya maduka mawili, ningemshauri akodi kwa mtoa huduma aliye na kompyuta zake nchini, mwenye bei isiyobadilika na simu inayopokewa na mtu anayesema Kiswahili. Nakala ya pili aiweke kwa mtoa huduma mwingine, hata akiwa huko Afrika Kusini. Ya tatu ikae katika diski kabatini mwake Kasulu, ikibadilishwa kila juma. Na mara moja kila baada ya miezi michache aichukue nakala hiyo aifungue, aone kama madeni yote yanasomeka, maana nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Biashara ikikua hadi kuwa na wateja katika nchi kadhaa, hapo wakubwa watakuwa na faida zao za kweli: wataalamu wengi, ulinzi wa hali ya juu na nafasi ya kupanuka.

Anayekukodisha unaweza kumbadilisha ukiwa na daftari lako mkononi. Ukiwa huna, yeye ndiye mwenye duka, na wewe na wakulima wako mmekuwa wapangaji.